Tupeane uzoefu: presha ya mimba, na ile inayomfuata mzazi ndani ya arubaini

Mkarafuu, Wete
Assalaam alaykum. Jana nilimsindikiza wifi yangu kliniki, na hapo kwenye benchi bibi mmoja akamwambia mjamzito aliyevimba nyayo hadi champali zinambana kuwa hiyo ni mimba ya mtoto wa kiume. Usiku sikupata usingizi, kwa kuwa miaka tisa nyuma niliambiwa maneno hayo hayo. Waliopitia presha ya mimba naomba waeleze ilivyowaanza, hasa waliopatwa baada ya kujifungua.

Mama Pacha, Chake Chake
Yangu ilionekana mimba ikiwa na wiki 31: kadi iliandikwa 150 kwa 100, na mkojo ukakutwa na protini. Nilipewa vidonge vya kushusha presha, methildopa, lakini kwa kuwa sikuumwa popote nilivimeza leo, kesho nikaviacha.

Ukuti, Makunduchi
Hata mimi sikuumwa popote.

Binti wa Micheweni
Mimi kadi yangu ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilijifungua salama, nikaruhusiwa siku ya pili, nikaenda kwa mama kukaa arubaini. Siku ya nne kichwa kilianza kunigonga na panadoli haikukituliza. Siku ya tano nikaona vimulimuli, na maumivu ya chembe ya moyo nikayadhania kiungulia, maana supu ya mzazi mnajua inavyotiwa pilipili manga. Jioni, nikiwa nakandwa maji moto, nilipoteza fahamu, na yaliyofuata nimesimuliwa. Nilikakamaa, nikatikisika mwili mzima, nikajiuma ulimi. Shangazi akasema nimepanda shetani, chetezo kikawashwa na kijana akatumwa kwa mganga. Jirani yetu, mkunga mstaafu, aliingia kwa zile kelele, akakitoa chetezo nje kwa mkono wake mwenyewe, akanilaza ubavu na kusema, "Hiki ni kifafa cha mimba, hata kama mimba imeshatoka. Tafuteni gari." Lililopatikana ni la kubebea magunia ya karafuu. Hospitalini presha ilisoma 180 kwa 120. Nilipozindukana, sindano za magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho, zilikuwa zikiniwaka matakoni kama moto, na muuguzi alikuwa akinigonga goti kwa kinyundo na kupima mkojo wangu. Baadaye alinieleza kuwa dawa ikizidi mwilini, goti huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kudhoofika. Siku tatu nzima sikumjua mwanangu.

Ukuti, Makunduchi
Pole sana, dada yangu. Lakini tusiwafanye wazee wetu wajinga. Mimi nilikunywa kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani, na nimepona.

Mama Pacha, Chake Chake
Ulikunywa kombe na vidonge pia, bi mkubwa, uliwahi kutueleza mwenyewe.

Ukuti, Makunduchi
Sikukana vidonge. Nimesema kombe halikumzuia mtu kupanda gari.

Binti wa Micheweni
Aliyetumwa kwa mganga ndiye peke yake aliyekuwa na vespa, kwa hiyo kwangu lilikaribia kunizuia.

Shamba Boi, Donge
Mke wangu aliambiwa aache chumvi kabisa, atafune kitunguu saumu na anywe dafu. Alichopungua ni hamu ya kula, na mimi pia, kwa sababu tulikuwa tukila chungu kimoja.

Mkunga, Mjini
Kuacha chumvi hakuzuii kifafa cha mimba. Aliyewahi kukipata aende kliniki mapema katika mimba inayofuata na asiifiche historia yake, kwani daktari huweza kumwanzishia asipirini ya kipimo kidogo kabla ya wiki ya 20. Asijinunulie mwenyewe dukani. Na baada ya kujifungua, presha mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambao mzazi yumo ndani na hakuna anayempima. Hatari hiyo huweza kuendelea hadi wiki sita.

Msomaji, Mkoani
Samahanini, mimi ni mwanamume na nilikuwa nikisoma tu. Mke wangu ana siku ya sita leo, na kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Amelala, nasubiri aamke nimuulize kuhusu hivyo vimulimuli.

Mkunga, Mjini
Mwamshe sasa hivi, umpeleke hospitali. Mkifika, neno lako la kwanza liwe kwamba amejifungua siku sita zilizopita, kwa sababu tumbo halionekani tena na huenda asiwepo wa kuuliza.

Msomaji, Mkoani
Tumo garini.