Yadi za magari Arusha na Moshi zilazimishwe kumpa mnunuzi karatasi za Japani? Tujadili

Mleta mada (Tengeru)

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja, naomba tuijadili kwa utulivu maana inagusa hela za watu.

Ninachosema ni hiki: mwenye yadi asiruhusiwe kuuza gari lililotoka Japani bila kumkabidhi mnunuzi nakala ya cheti cha kusafirisha gari hilo nje ya Japani, na kama lilinunuliwa mnadani, karatasi ya mnada pia, ile inayoeleza hali ya gari na kilomita zake. Akiuza bila hivyo, mnunuzi awe na haki ya kurudisha gari na kurudishiwa hela yake yote.

Mwalimu mmoja jirani yetu alikopa benki akanunua Toyota IST kwenye yadi moja hapa Arusha. Yadi siitaji. Kioo cha mbele kilibandikwa karatasi: kilomita 68,000, haijatembea Tanzania. Usukani una kava jipya, siti bado zina nailoni, injini imeoshwa inang'aa. Haukupita muda, giaboksi ikaanza kushtuka kila gia inapobadilika, na mlango wa nyuma kushoto ukatoa kutu chini ya raba. Binti yake aliyeko chuo akachukua namba ya chesisi, akalipia kwenye mtandao unaouza kumbukumbu za minada ya Japani, karatasi ikaja. Kilomita 168,000. Daraja: R. Wanaoagiza magari wanaijua hiyo herufi, ni gari lililogongwa likatengenezwa. Mwalimu alipoipeleka ile karatasi yadi akajibiwa, "Mwalimu, gari ulilikagua mwenyewe na mkataba ukasaini."

Sasa angalieni. Kule Japani gari dogo jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na kilomita zinaandikwa. Likifutwa usajili ili lisafirishwe, kile cheti cha kusafirisha kinabeba rekodi ya kilomita za ukaguzi. Na cheti hicho ni miongoni mwa nyaraka ambazo wakala wa forodha anazipeleka ili gari litoke bandarini. Kwa hiyo aliyeliingiza gari nchini alishakishika mkononi. Simwombi agharamie kitu kipya, naomba asikifiche.

Wenye yadi mje pia, tuwasikie.

Fundi, Unga Limited

Naunga mkono hoja, ila wadau msije mkalala mkitegemea karatasi. Karatasi inaeleza gari ilivyokuwa Japani. Haielezi ilichofanyiwa Dar, wala ilichofanyiwa njiani ikiendeshwa kilomita mia sita na zaidi kuja huku.

Mtu akiniita nikamwangalizie gari, kwanza namwambia ampigie muuzaji asiiwashe mpaka tufike. Nikifika nagusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakitaki kuonekana injini ikiwaka ya baridi, mara nyingi mlio au moshi. Halafu nafungua boneti naangalia nati za fenda na za bawaba. Nati ambayo haijawahi kuguswa na spana rangi yake haijachubuka kwenye kona. Ikichubuka, fenda ilitolewa, na fenda haitolewi bila sababu. Naingia ndani, navuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa. Ukikuta tope kavu kule ndani au alama ya maji, hiyo gari ililala kwenye mafuriko, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Mwisho naangalia raba ya pedali ya breki. Raba imelika mpaka chuma kinachungulia, dashibodi inasema kilomita elfu sitini. Hapo mnunuzi mwenyewe ananiangalia, hatuna haja ya kuongea.

Lakini wangapi wanakuja na fundi? Wengi wanakuja na shemeji.

Kijana wa Sakina

Mkuu mleta mada, dawa ni kuagiza mwenyewe. Unaliona gari mtandaoni na karatasi yake ya mnada, unalipa, linakuja. Yadi ya nini?

Mwenye yadi, Moshi

Mimi nina yadi Moshi na nimesoma yote mpaka hapo. Nitajibu kwa heshima, na nitaanza na huyo kijana.

Kijana, piga hesabu. Tuseme gari la zaidi ya miaka kumi, injini ya cc 1,300, na TRA wamelithaminisha milioni 6 pamoja na usafiri na bima. Zingatia, ni thamani ya TRA, siyo uliyolipa wewe. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 1.5. Inakuwa 7.5. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa asilimia 5, ni 375,000. Halafu ile ya uchakavu, inayotozwa magari ya zamani, asilimia 30 ya hiyo 7.5, ni 2,250,000. Jumlisha zote upate 10,125,000, ndipo VAT asilimia 18 ipigwe, ni 1,822,500. Kodi peke yake imekaribia milioni 6, sawa na gari lenyewe. Bado makato mengine ya forodha, bandari, wakala, usajili na dereva wa kulileta. Mtu wa mshahara hana hela hiyo ya kulipa kwa mkupuo na kusubiri meli. Anakuja kwangu, anatanguliza nusu, nyingine namvumilia. Hiyo ndiyo kazi ya yadi.

Sasa mleta mada. Nina hoja tatu. Kwanza, wateja hawajui kusoma hizo karatasi. Gari la daraja 3.5 ni gari zuri kabisa, lina mikwaruzo tu. Mteja akiona mchoro wa gari kwenye karatasi umejaa A1 na U2 anakimbia, kumbe A ni mkwaruzo na U ni kubonyea. Pili, si magari yote tunayanunua mnadani, mengine tunayapata kwa wauzaji wa kule na karatasi ya mnada hawatupi. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ukinibana mimi mwenye leseni, TIN na ofisi, yule anayeuza gari chini ya mti kwa simu nani atambana? Mteja ataniacha mimi atamfuata yeye, maana yeye kilomita anaandika anazotaka.

Na niseme ukweli mwingine. Wateja wenyewe wanatulazimisha. Nikiweka Noah ya kilomita 150,000 inakaa mpaka matairi yanaisha upepo. Jirani yangu akiweka kama hiyo imeandikwa 70,000, wiki haipiti.

Mama wa Memorial, Moshi

Mwanangu mwenye yadi, nakuheshimu kwa kujitokeza. Lakini hilo la kwamba wateja wanawalazimisha, hapana.

Mimi nauza mitumba soko la Memorial. Robota lina gredi yake, ninayemuuzia anajua ananunua gredi gani na bei inakwenda na gredi. Nikimfungia mtu gredi ya pili nikamwambia ya kwanza, kesho ananirudia na majirani wote wanasikia. Shati la elfu tano nalieleza ukweli, wewe gari la milioni kumi na tano unashindwa? Niandikie 150,000 na unishushie bei. Nitanunua. Nina kijana anasubiri gari la kupeleka mzigo Himo na Marangu, hata likiwa limetembea sana nalihitaji, ila nijue natenga kiasi gani cha matengenezo.

Hizo herufi tutajifunza. Tulijifunza kutumia simu ukubwani.

Mwenye yadi, Moshi

Shikamoo mama. Nimekusikia. Nitakubali hili: anayerudisha kilomita nyuma anaiba. Siwatetei hao. Ninachotetea ni sisi kutobebeshwa mzigo peke yetu.

Dereva wa watalii, Njiro

Mmesahau magari yetu. Arusha hapa Land Cruiser mkonga zinazostaafu safari zinauzwa kila siku, zinapigwa rangi nyeupe, zinatolewa siti za nyuma, mtu anaambiwa ilikuwa ya mzungu wa shirika. Gari iliyopita miaka kwenye vumbi na mawimbi ya barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti, chesisi yake ina nyufa zilizochomelewa. Mkonga ni gari ngumu, sikatai, na inatengenezeka. Lakini hapo karatasi ya Japani itasaidia nini? Historia yake yote iko hapa hapa.

Dalali, Kilombero

Mnatupaka matope madalali wote. Mimi sirudishi kilomita, sijui hata zinarudishwaje. Namleta mnunuzi, naonyesha gari, napata changu. Kama mwenye gari amedanganya mimi nimedanganywa pia.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nijibu yale mazito.

Dalali, ndugu yangu, sikusudii kukupaka matope. Lakini ukipokea asilimia yako kwa gari ambalo hukuuliza swali hata moja, mnunuzi anakuona wewe, mwenye gari hamjui. Uliza swali moja tu, cheti cha Japani kiko wapi. Halafu mwambie mnunuzi ulichojibiwa.

Dereva, hoja yako ni ya kweli na imeniongezea kitu. Kwa gari lililotumika hapa nchini, mnunuzi apewe kadi halisi, jina la kila aliyelimiliki, na taarifa kama lilikuwa la biashara ya utalii au daladala. Watu wetu wanaangalia herufi za namba tu. Ikiwa namba D wanaridhika, ikiwa E wanafurahi zaidi. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi limefanya kazi gani. Na wakati huohuo wa kununua, ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi muone faini za barabarani, maana deni linafuata gari.

Mwenye yadi, kodi uliyoipigia hesabu ni sahihi na ni kubwa, na mimi ningefurahi kama ile ya uchakavu ingejadiliwa upya. Kenya wameamua gari la zaidi ya miaka minane lisiingie, Uganda tangu 2018 wamezuia la zaidi ya miaka kumi na tano, sisi tumechagua kuliruhusu liingie na kulitoza. Gari la miaka minane hadi kumi linatozwa uchakavu asilimia 15, la zaidi ya kumi 30. Na kwa mtu wa kawaida bora hivyo, vinginevyo mwalimu wangu asingepata gari kabisa. Ila angalia maana yake: nchi imekubali kwamba magari yetu ni ya zamani na yametembea. Kwa nini basi dashibodi zote za yadi zinasema elfu sabini? IST ya 2004 iliyotembea kilomita 68,000 kwa miaka yote hiyo ipo, ila siyo kila moja iliyopangwa kwenye foleni pale yadi.

Hoja yako ya mtu wa chini ya mti ndiyo sina jibu kamili. Najua atabaki. Lakini mnunuzi akishazoea kupewa cheti yadi, akienda chini ya mti atakidai pia, na asipokipata ataomba bei ya mashaka.

Wakili, Moshi mjini

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mleta mada, sheria ya kumlinda mwalimu wako ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inagusa ubora wa bidhaa na maelezo ambayo bidhaa imeuzwa kwayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Kinachowakwamisha wateja ni ushahidi. Mkataba wa mauziano unaandikwa ukurasa mmoja: namba ya gari, bei, "mnunuzi amelikagua na kuridhika". Kilomita hazimo. Ile karatasi ya kwenye kioo imeshachanwa. Ukija kwangu sina cha kushika.

Kwa hiyo kabla hatujafika bungeni, andikeni kilomita ndani ya mkataba. Sentensi moja: muuzaji anathibitisha kwamba kilomita zinazosomeka ni za kweli na kwamba gari halijawahi kutengenezwa baada ya ajali kubwa, kwa kadiri ya nyaraka alizonazo, nazo zimeambatanishwa. Muuzaji akigoma kuisaini, umeshapata taarifa uliyoitaka bila kulipa hata shilingi.

Fundi, Unga Limited

Hiyo sentensi ya wakili nitaibandika gereji.

Mwenye yadi, Moshi

Wakili, hiyo naweza kuisaini kwa magari ninayoagiza mwenyewe. Kwa magari ya watu wengine ninayoyauza kwa kamisheni, mwenye gari asaini, siyo mimi. Na kama mleta mada anataka iwe lazima, asianzie bungeni, itachukua miaka. Leseni zetu za biashara tunazipata halmashauri. Manispaa ya Moshi au Jiji la Arusha wakiweka sharti kwamba kila gari yadi liwe na nakala ya cheti kwenye kioo, badala ya karatasi tunayoandika wenyewe, nitakuwa wa kwanza kubandika. Ila ziwe yadi zote, kwa siku moja.

Mleta mada

Hapo umenipa pa kuanzia, kaka. Naandika barua kwa diwani wetu wiki hii, na sentensi ya wakili nitaiambatanisha. Anayetaka jina lake liwemo aseme hapa, na wenye yadi wa Arusha ambao mmesoma mkanyamaza, nawaomba nanyi mseme: mtabandika au hapana?