Dada hawezi kushika kalamu, wanamwambia akaandike anwani kwenye bahasha!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Dada yangu ninaishi naye hapa Marekani. Kainua wagonjwa vitandani miaka na miaka, kila mshahara unakatwa kodi ya hifadhi ya jamii. Sasa baridi yabisi imemla vidole, hata kifuniko cha chupa ya dawa zake namfungulia mimi. Kaomba mafao ya ulemavu kwa ofisi ya hifadhi ya jamii, kakataliwa. Kaomba wapitie upya, kakataliwa tena. Kaenda kwa jaji wao (wao kweli, maana analipwa na ofisi ileile inayokunyima), kikao kikafanyika kwa simu. Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Kuna mtu wanamwita mtaalamu wa ajira. Jaji akamuuliza, mwenye hali hii anaweza kazi gani? Jamaa bila kusita: kuandika anwani kwenye bahasha, kwa mkono au kwa taipureta. Taipureta! Kaitoa kwenye orodha ya kazi ya serikali ambayo mara ya mwisho kurekebishwa ni 1991. Fomu zote za kesi hii nimejaza mimi kwa sababu yeye kalamu inamponyoka. Sahihi yake siku hizi ni mkwaruzo tu. Mwaka 2024 wenyewe wakakiri kwamba kazi kadhaa za orodha hiyo zimepitwa na wakati. Yeye alikuwa keshanyimwa.

Baraza lao la rufaa likagoma kuipitia kesi, zikabaki siku 60 za kwenda mahakama ya shirikisho. Wanachukulia barua ya kukukatalia umeipata siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa, uwe umeiona au hukuiona, labda uthibitishe. Ada ni dola 405, tukaomba msamaha tukapewa. Hilo niwape haki yao.

Nikadhani huko sasa ndiko atakapoonekana. Wapi! Haitwi. Jaji wa shirikisho havioni hivyo vidole, anasoma jalada lilelile. Wala haulizwi kama dada anaumwa. Anaangalia kama sheria ilifuatwa na kama yule wa mwanzo alikuwa na ushahidi wa kutosha, na kiwango chenyewe ni "zaidi ya chembe". Una barua mpya ya daktari? Eleza kwanza kwa nini hukuileta mapema. Mtaalamu kakataa kuonyesha takwimu zake? Mahakama ya Juu ilishaamua 2019 kwamba hilo peke yake halifuti ushahidi wake.

Haya, tumeshinda. Eti tumeshinda! Faili limerudishwa kulekule lilikotoka, likasikilizwe upya. Hata senti haijatoka. Wakili anasema huenda tukamkuta jaji yuleyule.

Aliyewahi kurudishwa namna hii, mlipangiwa nani, na mlisubiri muda gani? Dada kaniuliza jana usiku huku nikimfungulia dawa, sikuwa na jibu.