Wale wazee wa Uingereza 1940, ni kweli walifundishwa vita na vijiti vya fagio?

mtoto_wa_Malindi
Asalaam aleikum wanabaraza. Jana jioni hapa Malindi tumebishana kahawani wee mpaka muuza kahawa akatuzimia taa. Ilianza na zile ndege za Waitalia zilizokuja kutupiga mabomu 1940 (na sahii ndo hao hao wanatuuzia piza, dunia hii jamani) alafu mzee mmoja akasema hata huko Uingereza kwenyewe mwaka ule walikua wanamngoja Mjerumani aingie wakati wowote na waliopewa kulinda vijiji ni wazee na vijana wa kujitolea, bunduki hawana, wanapiga gwaride na vijiti vya fagio. Mi nikasema hio porojo, dola iliyotutawala mpaka huku ikose bunduki kwao? Mwenye kujua atueleze, walifundishwa silaha vipi?

nahodha_Mkunguni
Waaleikum salaam. Mzee wenu hakudanganya. Tarehe 14 Mei 1940 Anthony Eden, waziri wa vita, aliongea redioni akaita wanaume wa miaka 17 mpaka 65 wakajiandikishe kituo cha polisi kilicho karibu, ndo hao baadae wakaitwa Home Guard, na wiki ya kwanza tu wakajitokeza kama 250,000, kufika Julai wamepita milioni. Sa piga hesabu mwenyewe, siku zizo hizo jeshi linatolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kwa meli na mashua, mizinga na magari karibu yote wameyaacha hukohuko, kila bunduki inayopatikana inaenda kwa wanajeshi kwanza. Hawa wa kujitolea wakabaki na bunduki za kuwindia ndege, mapanga ya ukutani, na ndio, vijiti. Lakini hio ilikua miezi ya mwanzo. Watu hupenda kuishia hapo kwenye kichekesho.

fundi_wa_Langoni
Haswaa, tena nahodha umeacha utamu. Hio hio 1940 Marekani wakaleta bunduki kwa malaki, M1917, za tangu vita vya kwanza vya dunia, zimefika zimejaa grisi nzito kila tundu, kabla ya mtu kujifunza kulenga kwanza akae aisugue. Alafu shida ikawa risasi. Hizo za Marekani zinatumia risasi ya kipimo cha .30 na za Kiingereza zinatumia .303, na kuna bunduki ya Kiingereza inafanana na M1917 kama pacha, ukitia risasi isiyo yake inakwama, na adui yuko mbele yako. Wakachora mstari mwekundu kuzunguka mbao yake ili hata gizani kwa tochi mtu ajue ameshika gani. Mi fundi, hapo nimewavulia kofia.

Na risasi zenyewe chache mno, so mafunzo mengi yalikua bila kufyatua. Mwalimu anahakikisha bunduki tupu, analala mbele ya mwanafunzi ameshika kisahani jichoni kina kitundu katikati, mwanafunzi analenga kile kitundu na kubonyeza kifyatulio, mwalimu anaona palepale kama mkono umetikisika au alama ya mbele imekaa upande. Usiku baada ya kazi na Jumapili, hivo hivo mpaka mwili uzoee. Wakipata bahati wanapiga shabaha na bunduki ndogo za .22. Na walimu wengi walikua ni wale wale wazee waliopigana vita vya kwanza, msiwacheke.

mtoto_wa_Malindi
Maashallah fundi. Na mikuki je? Mzee alisema mpaka mikuki, hapo ndo nilimwambia sasa umezidisha.

nahodha_Mkunguni
Mikuki kweli ami 😂 Churchill, waziri mkuu wao, alisema kila mtu awe na silaha hata ikiwa mkuki, maafisa wakachukua maneno vilevile yalivo wakaagiza 250,000, bomba la chuma limechomelewa bayoneti, kile kisu cha mbele ya bunduki. Zilipoletwa watu walikasirika, wengine wakaona wametukanwa, mpaka bungeni kulichafuka. Nyingi zilibaki stoo.

Ila hatari hasa ilikua mabomu ya mkono. Bomu la Mills ukishalirusha una kama sekunde nne, na mtu anafundishwa ndani ya handaki na mikono inatetemeka. Tarehe 13 Septemba 1942 huko Ashley Hill karibu na Salisbury, bomu la mwanafunzi liligonga ukingo likarudi ndani walipokua wamesimama. Luteni William Foster, mzee wa miaka kama 60, akajitupa juu yake. Alikufa yeye, wengine wakapona. Walimpa George Cross, ndo nishani kubwa kabisa ya Uingereza kwa ushujaa usiokua mbele ya adui. Sa huyo utamwita wa vijiti vya fagio?

fundi_wa_Langoni
Na msisahau shule ya Osterley Park, nje ya London. Ilifunguliwa Julai 1940 na Tom Wintringham, aliekua ameongoza Waingereza kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Spain, akaleta wenziwe wa huko wakafundisha kujificha, kuvizia vifaru, kupigana mtaa kwa mtaa. Kama watu 5,000 walipita pale ndani ya miezi mitatu. Wakubwa wa jeshi hawakumpenda, siasa zake zilikua za kushoto sana, wakaichukua shule ikawa yao. Kwa maoni yangu yule alifundisha vita vyenyewe, wakubwa walikua bado wanafundisha gwaride.

binti_Mambrui
Kaka zangu, na wanawake mbona hamuwataji?

nahodha_Mkunguni
Haki yako dada. Mbunge mmoja, Edith Summerskill, alipigania sana, serikali ikakataa, wakaanzisha vikundi vyao wenyewe wakajifunza kulenga bila ruhusa ya mtu. 1943 ndo serikali ikakubali kuwachukua rasmi, lakini wapike, wapige taipu, wapokee simu, waendeshe gari. Bunduki hapana.

binti_Mambrui
Yaani mtu anajua kulenga kuliko mumewe alafu anapewa sufuria. Sawa.