Acheni kuitetea Cambridge kwa "zama zile zilikuwa hivyo"

Wakuu, nimelala na hasira na nimeamka nazo.

Jana kwenye kundi letu la walimu wa hesabu niliweka habari za Charlotte Angas Scott, mwanahisabati ambaye Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, hakikumpa shahada kwa sababu tu ni mwanamke. Mwenzetu mmoja, tena mtu ninayemheshimu, akajibu: "Mwalimu, zama zile zilikuwa hivyo, tusiwahukumu watu wa kale." Wengine wakamwekea dole gumba, mada ikafa. Kwangu haijafa.

Januari 1880 binti huyu wa miaka 21, mwanafunzi wa Girton, chuo cha wanawake pale Cambridge, alifanya mtihani wa hisabati wa Cambridge uitwao Tripos. Siku 9, maswali yale yale waliyopewa wanaume. Na hata kuketi kwenyewe ilikuwa kwa hisani, si kwa haki. Akapata alama za mtu wa nane. Yeyote aliyewahi kusahihisha hesabu anajua uzito wa nafasi hiyo kwenye mtihani wa namna ile.

Siku ya kutangaza matokeo, msomaji alipofika namba nane akataja jina la mwanamume. Vijana waliojaa ukumbini wakamzima kwa kelele, "Scott wa Girton! Scott wa Girton!", huku kofia zikirushwa juu. Mwenyewe hakuwemo humo ndani. Sasa niambieni, hao vijana walikuwa wa zama gani? Si wa 1880 hao hao? Walijua kabisa nani anastahili, na wakapaza sauti mbele ya wakubwa wao.

Kuna jambo jingine linalonichoma zaidi. Chuo Kikuu cha London kilifungua shahada zake kwa wanawake mwaka 1878, miaka miwili KABLA ya mtihani huo. London na Cambridge ni mwendo wa treni tu! Scott alifundisha Girton huku akitafuta karatasi yake London: shahada ya kwanza 1882, udaktari 1885. Mwaka huo huo akavuka bahari kwenda Marekani kuongoza idara ya hisabati katika chuo kipya cha Bryn Mawr. Cambridge ikampoteza kwa mikono yake yenyewe.

Mtasema huyo alikuwa wa nane tu. Haya, mwaka 1890 akaja Philippa Fawcett wa Newnham, chuo kingine cha wanawake pale pale Cambridge. Orodha ya wanaume ilisomwa kwanza, ya wanawake ikafuata, kila mmoja akitajwa angeangukia wapi kati ya wanaume. Lilipofika jina la Philippa, ikasomwa kwamba yuko "juu" ya mwanamume wa kwanza. Juu ya namba moja! Yule aliyeshindwa akatunukiwa shahada na cheo cha mshindi. Aliyeshinda hakupewa shahada.

Na mwaka 1897 suala la shahada za wanawake lilipopigiwa kura, wahitimu wa Cambridge walipanda treni kutoka London kwenda kulikataa. Mtaani, mkabala na ukumbi wa kupigia kura, wanafunzi wakatundika sanamu ya mwanamke juu ya baiskeli. Walipojua wameshinda wakaishusha, wakaichanachana, mabaki wakayasokomeza kwenye geti la Newnham. Wanawake walikuwa wanaishi humo ndani jamani, wanasoma humo!

Wanawake walikuja kupata shahada kamili za Cambridge mwaka 1948. Scott alishafariki 1931. Philippa alifariki Juni 1948, miaka 58 baada ya kuwashinda wote, akiwa na umri wa miaka 80.

Mwalimu mwenzangu, najua unasoma humu. Treni iliyowaleta wale wapiga kura ilitoka mji ambao tayari ulikuwa unawapa wanawake shahada. Naomba unijibu hapa hapa, mbele ya watu: London ilikuwa inaishi zama zipi?