Re: Kura za Georgia na sisi tunaoishi huku

Ndugu wanajumuiya,

Kaka aliyeandika kwamba kura ya mhamiaji mmoja haibadilishi kitu, namwomba atazame hesabu za jimbo letu lenyewe. Mwaka 2020, kati ya kura zilizokaribia milioni 5, Joe Biden alimshinda Donald Trump hapa Georgia, Marekani, kwa kura 11,779 tu, akazoa kura zote 16 za wajumbe maalumu wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, maana hapa anayetangulia huchukua zote. Karatasi za kura zilihesabiwa upya kwa mkono, kisha kwa mashine, na mshindi akabaki yuleyule. Mwaka 2024 Trump alilirudisha jimbo kwa tofauti ya kura zipatazo 115,000. Waliolifanya jimbo liwe la kugombaniwa ni wakazi wa kaunti za vitongoji vya Atlanta kama Gwinnett na Cobb, ambako wengi wetu tumepanga nyumba. Kaunti hizo zilikuwa ngome za Republican, chama cha Trump, kwa miongo kadhaa hadi zilipokigeuka chama hicho mwaka 2016.

Hata hivyo, mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu lakini bado si raia, asithubutu kujiandikisha kupiga kura, hata kama ameishi hapa miaka 20 na analipa kodi zote. Katika ofisi za leseni za udereva suala la kuandikishwa kupiga kura hujitokeza katikati ya makaratasi mengine, na mtu mwenye haraka anaweza kutia saini asichokisoma. Fomu ya kuomba uraia itamuuliza iwapo aliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu hilo laweza kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Kusema hukujua si kinga ya kutegemea.

—

Shikamoo kaka, nami naongeza jambo kwa ajili ya wazee wetu waliopata uraia kwa kufanya mtihani katika lugha yao. Sheria ya nchi nzima inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma Kiingereza kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Ni vyema kuwapeleka siku za kura za mapema, kwani siku hizo unaweza kutumia kituo chochote cha mapema kilichofunguliwa katika kaunti yako, ilhali siku yenyewe ya uchaguzi ni lazima uende kituo ulichopangiwa. Siku hiyo vituo hufungwa saa 1 jioni, lakini aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya saa hiyo asiondoke, kwa kuwa bado ana haki ya kupiga kura.