Anafuta kila jibu kabla sijaliona: nianzie wapi?

TuisheniUmoja: Hamjambo walimu. Namfundisha hesabu msichana wa kidato cha tatu hapa Umoja, Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa moja na nusu. Shuleni wako kwenye matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu na nguzo. Nikimpa swali anaandika, anafuta, kisha ananitazama usoni. Mamake anataka tufanye karatasi za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kila wiki. Nifuate hilo?

Kalamu_Nyekundu: Bado, mwalimu. Kwanza jua anakwamia wapi. Mwandalie maswali 12 mepesi, bila saa wala kalkuleta: manne ya namba hasi, manne ya sehemu kama 2/3, manne ya mabano na milinganyo. Usimpe alama. Kando ya kila kosa andika aina yake.

Mara nyingi tatizo si matriksi. Ditaminanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwa matriksi, ya safu ya juu 2, −3 na ya chini 1, 4 ni (2×4) − (−3×1), yaani 8 + 3 = 11. Akipata 5, yaani 8 − 3, kanuni anaijua. Kilichomwangusha ni kutoa namba hasi, mada ya kidato cha kwanza. Ukimfundisha matriksi upya atazidi kuamini kwamba hana kichwa cha hesabu, na kosa litabaki palepale.

Ukishalijua kosa, mpe mfano uliokamilika, wa pili usio na hatua ya mwisho, wa tatu wenye hatua ya kwanza tu, kisha wa nne afanye mwenyewe. Kosa moja kwa kipindi latosha.

MamaHesabu254: Naongezea kuhusu kukutazama usoni. Anasoma jibu kwako kwa sababu hana njia ya kulipima mwenyewe. Mfundishe kupima. Akitatua 5 − 2x = 11 na kupata x = 3, airudishe mahali pa x: 5 − 6 ni −1, si 11. Atatafuta alama ya hasi aliyoipoteza bila wewe kusema neno. Akijumlisha 2/3 na 1/4 akapata 3/7, muulize kama 3/7 inafika nusu. Haifiki, na 2/3 peke yake imeshaipita.

Kifutio kiondoke mezani. Atumie kalamu, na kosa alipige mstari mmoja tu, libaki likisomeka. Nawe usiichukue kalamu yake hata akikawia. Tena uliza "umejuaje?" hata akipata. Ukiuliza akikosa tu, swali hilo litakuwa ishara ya kosa na atafuta papo hapo.

TuisheniUmoja: Asanteni sana. Na mama nimwambieje?

Kalamu_Nyekundu: Mwonyeshe zile aina za makosa, aone kinachorekebishwa. Halafu mpe mtoto kipande cha karatasi badala ya karatasi nzima. Karatasi ya KCSE ina alama 100 kwa saa mbili na nusu: Sehemu ya Kwanza maswali 16 ya lazima, alama 50; Sehemu ya Pili achague 5 kati ya 8, alama 10 kila moja. Chagua matatu ya Sehemu ya Kwanza anayoyaweza na moja linalomsumbua kidogo. Sahihisha kwa kutenga alama za njia na za jibu, maana mtahini naye hutoa alama za njia. Anayefuta hesabu zake anajinyima hizo kabla hazijasomwa.

MamaHesabu254: Na lile gumu liwe la tatu, lisiwe la mwisho. Amalizie na analoliweza.