Mada: Kuchagua masomo ya haiskuli, kijana ametoka kidato cha pili

Kutoka: Mama mmoja, Houston

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za siku.

Mwanangu amekuja kuungana nasi baada ya kumaliza kidato cha pili Tanzania. Agosti anaanza darasa la tisa hapa. Shule imetupa kitabu kizima cha orodha ya masomo, na kaunsela, mshauri wao wa masomo, ameshamjazia fomu: Aljebra ya Kwanza, Biolojia, ESL (Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo), Jiografia ya Dunia, mazoezi ya viungo, na nafasi mbili zilizobaki kaweka uchoraji na kwaya. Nikauliza tahasusi zenu, yale makundi ya masomo kama PCM au PCB, ziko wapi? Akasema hapa hakuna, kila mtoto anachagua.

Kijana anataka uhandisi. Fizikia na Kemia amekuwa akizisoma tangu kidato cha kwanza, sasa naona zimefutika. Wenye uzoefu nielekezeni kabla sijatia saini.

Kutoka: Mwalimu wa hisabati, Dallas

Marahaba dada, na pole kwa pilikapilika. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini, maana karatasi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana.

Kwanza tuondoe hofu ya Fizikia na Kemia. Kwetu mtoto wa sayansi anasoma Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja miaka yote minne, kidogo kidogo. Huku kila somo linamezwa kwa mwaka mmoja: mara nyingi Biolojia darasa la tisa, Kemia la kumi, Fizikia la kumi na moja. Kwa hiyo hazijafutika, zinasubiri zamu. Akitaka kurudia moja kwa kina zaidi, darasa la kumi na mbili anaweza kuchukua AP Fizikia au AP Kemia (AP ni kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa haiskuli).

Kinachonitia wasiwasi ni hisabati. Shule nyingi za Marekani zimeipanga kama ngazi: Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, hisabati ya matayarisho ya Kalkulasi, kisha Kalkulasi yenyewe. Huruki kidaraja. Sasa hesabu mwenyewe: anayeanza Aljebra ya Kwanza darasa la tisa anafika darasa la kumi na mbili akiwa kwenye matayarisho, na Kalkulasi anakutana nayo chuoni. Kuingia uhandisi kwa njia hiyo kunawezekana, ila atakaa darasani na wenzake ambao wameshaisoma, na vyuo vikali vya uhandisi hutazama kama mwombaji aliifikia.

Tatizo linaanzia kwenye matokeo ya nyumbani. Cheti chake kimeandikwa "Basic Mathematics" tu. Kaunsela haoni neno aljebra wala jiometri, basi anamrudisha mwanzo. Lakini kwa silabasi niliyoifundisha mimi, mtoto wa kidato cha pili ameshagusa milinganyo ya kipeo cha pili, logariti, pembetatu zinazofanana, Pythagoras na mwanzo wa trigonometria. Hiyo ni Aljebra ya Kwanza karibu yote na kipande cha Jiometri. Nenda na silabasi yenyewe iliyochapishwa, pamoja na madaftari yake. Madaftari yanasema mengi kwa mwalimu wa hisabati, kwa hiyo omba mkuu wa idara ya hisabati awepo kikaoni.

Kisha omba mtihani wa kupata krediti, yaani kuhesabiwa kwamba somo ameshalimaliza. Texas inaruhusu: kwa somo ambalo mwanafunzi ameshafundishwa, akipata 70 wilaya ya shule inaweza kumpa krediti, kwa ambalo hajawahi kufundishwa, anatakiwa 80. Akipata krediti ya Aljebra ya Kwanza, anaanza na Jiometri mwezi wa nane na ngazi nzima inasogea. Usiache kuuliza kuhusu mtihani wa jimbo wa Aljebra ya Kwanza, STAAR, maana ni mmoja wa mitihani ya kuhitimu. Wakueleze kwa maandishi kama ataufanya na lini.

Wakikataa, bado kuna mlango: darasa la kumi achukue Jiometri na Aljebra ya Pili kwa pamoja. Ni kazi, lakini mtoto aliyezoea masomo tisa au zaidi kwa wiki ataweza. Hapo ndipo nafasi ya hiari ya mwaka huo inapopata matumizi.

Sasa tahasusi. Kaunsela hakukudanganya, lakini kuna kitu kinachofanana nazo. Tangu sheria ya mwaka 2013, mwanafunzi wa Texas anapoingia darasa la tisa anaandika mwelekeo, unaitwa endorsement. Iko mitano, na wa kwenu ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kuhitimu kwa kiwango cha chini ni krediti 22, pamoja na mwelekeo ni 26, zikiwemo nne za hisabati na nne za sayansi. Juu yake kuna ngazi nyingine, Distinguished, inayodai Aljebra ya Pili. Ngazi hiyo ndiyo mzazi aishikilie kwa mikono miwili. Sheria ya Texas inawapa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya jimbo wanafunzi walio kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lao (Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kiwango ni kikali zaidi), na bila Distinguished, mtoto anaweza kuwa kinara wa shule na asiingie kwenye hesabu hiyo. Hakikisha imeandikwa kwenye mpango wake.

Uchoraji mwachie. Krediti moja ya sanaa ni lazima kuhitimu, na mtoto mgeni anahitaji darasa ambalo Kiingereza hakimchoshi. Kwaya ndiyo ningeibadilisha, labda kwa utangulizi wa uhandisi au kompyuta kama shule inao.

Kutoka: Ndugu, Des Moines

Jambo kwenu. Mimi ni Mkongomani, watoto wangu walikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwalimu amesema vema, lakini kuna wazazi humu ambao hawana hata karatasi moja. Kwao ningesema mambo haya.

Shule haiwezi kumkataa mtoto kwa kukosa karatasi za uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982. Na ni wajibu wao kumsaidia asiyejua Kiingereza, uamuzi wa 1974. Mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao ni haki yako wewe mzazi, na shule ndiyo inayolipa. Msimtumie mtoto mwenyewe kama mkalimani katika kikao cha masomo yake. Atatafsiri anachopenda.

La pili, ESL isigeuke gereza. Nimeona vijana wenye akili za hesabu wakiwekwa kwenye hesabu nyepesi mwaka baada ya mwaka kwa sababu tu Kiingereza chao ni kidogo. Kiingereza kidogo si hesabu kidogo! Mzazi aseme hivyo waziwazi, tena kwa barua.

La tatu, kwa wenye vijana wa miaka 17 au 18 waliochelewa: msikubali kuambiwa haraka waende shule ya watu wazima. Majimbo mengi yanamruhusu kijana kusoma haiskuli hadi miaka 20 au 21. Ulizeni umri wa jimbo lenu.

Kutoka: Mama wa wawili, Sacramento

Naongeza la California kwa walio huku, maana linawapiga wengi. Kuhitimu haiskuli na kustahili kuomba UC au CSU, yale makundi mawili ya vyuo vikuu vya jimbo, ni vitu viwili tofauti. Jimbo linadai hisabati miaka miwili tu kwa cheti. Vyuo hivyo vinadai mitatu, na vinapendelea minne. Orodha yao inaitwa A-G: masomo 15 ya mwaka mzima, na kila moja upate C kwenda juu. D inakupa krediti ya kuhitimu lakini kwa chuo haihesabiki. Kila somo mnalochagua, angalieni kama limo kwenye orodha ya A-G ya shule yenu.

Na jamani, Kiswahili cha watoto wetu ni mali. Kuna muhuri wa lugha mbili, Seal of Biliteracy, ulioanzia huku California na sasa umeenea karibu nchi nzima. Mtoto anaonyesha ujuzi wa lugha mbili na muhuri unawekwa kwenye diploma. Shirika la ACTFL lina mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili. Ulizeni wilaya yenu inakubali mtihani gani kwa kuandika na kusoma, na mfanye mapema, kabla mtoto hajaanza kujibu kila kitu kwa Kiingereza.

Kutoka: Baba, Tacoma

Kwa ufupi: ambao watoto wako darasa la kumi jimbo la Washington, ulizieni Running Start. La kumi na moja na la kumi na mbili mtoto anasoma chuo cha jamii bila kulipa ada ya masomo, na krediti zinahesabika haiskuli na chuoni. Vitabu na nauli ni juu yenu. Minnesota wana mpango wa aina hiyo, PSEO, tangu 1985, na Ohio wana wao.

Kutoka: Mama, Houston

Asanteni sana, Mungu awazidishie. Nimeomba kikao, mkuu wa idara ya hisabati atakuwepo, na dada yangu Dodoma ametuma picha za silabasi na madaftari. Mwalimu, moja tu: ESL inahesabika kama krediti ya Kiingereza, au anapoteza mwaka?

Kutoka: Mwalimu wa hisabati, Dallas

Inategemea ni ipi. Texas ina kozi za ESOL ya Kwanza na ya Pili ambazo kwa mwanafunzi mgeni zinashika nafasi ya Kiingereza cha kwanza na cha pili, krediti kamili. Lakini kuna madarasa mengine ya msaada wa lugha yanayohesabika kama somo la hiari tu. Yote yanaitwa ESL mdomoni, kwa hiyo usitosheke na jina. Mwambie kaunsela akuonyeshe msimbo wa kozi kwenye fomu na krediti inakwenda safu gani. Ikiwa ni ya hiari, omba abadilishiwe hapo hapo kikaoni, kabla ratiba ya Agosti haijafungwa.